Msiukate Ule Mkono kwenye Picha ya Akeyo

Vijana wa ofisi, nimesikia mmenunua fremu mpya. Nimeambiwa pia kwamba picha ya Dorina Akeyo, ile inayoning'inia juu ya mashine ya kutoa kopi, haitoshei kwenye fremu hiyo, na kwamba mmeamua kuikata upande wa kushoto. Mnasema pale kuna mkono wa mtu asiyejulikana, na kitu cheusi mnachodhani ni uchafu wa kamera. Huyo mtu asiyejulikana ni mimi. Naitwa Kisia. Nilikuwa karani wa wakili katika ofisi hiyo hiyo kabla hamjazaliwa, na kabla Akeyo hajaingia mlangoni na mkoba wake wa kufumia sweta.

Basi kabla hamjatoa makasi, nisikilizeni. Nitawafundisha kazi humo humo njiani, msije mkasema mzee amewapotezea muda kwa wivu wake. Wivu upo, siufichi. Nimekuwa nao tangu miaka ya themanini na bado una nguvu kuliko mimi.

Mwenye ofisi alikuwa wakili Nyandiga, mtu mrefu, mpole, aliyevaa tai moja mpaka ikasahau rangi yake. Tulikaa ghorofani juu ya duka la spea za baiskeli. Kesi za ardhi na za talaka tuliwaachia wengine. Waliopanda ngazi zetu walikuwa watu waliolipia bima kwa miaka, na siku walipopatwa na msiba, kampuni ikawapa kisogo. Nyandiga alikuwa akituambia, "Kampuni haikwambii haitalipa. Inakuchosha mpaka wewe mwenyewe uache kuuliza." Kazi yetu ilikuwa kuwasaidia watu wasichoke.

Jambo la kwanza nililojifunza kwake: usimwache mwenye bima aende peke yake ofisini kwa kampuni. Kulikuwa na mama muuza samaki wa Dunga, pikapu yake iligongwa. Alikwenda peke yake siku ya joto, akapewa soda baridi, akaitwa "Madam", akawekewa karatasi mbele. Alipotoka alikuwa amekubali kwa sahihi yake kwamba ameridhika na hatadai tena. Alichopewa hakikutosha hata taa za mbele. Nyandiga alimuuliza kwa nini alitia sahihi. Akasema, "Wakili, hao watu walikuwa na heshima! Soda yenyewe ilikuwa na mrija." Tangu siku hiyo tuliweka kreti ya soda ofisini, ili watu wetu wanywe kabla ya kwenda huko.

Sasa Akeyo. Nilikwenda likizo nyumbani Maragoli, dada yangu alikuwa anaolewa. Niliporudi nilikuta mwanamke amekalia kiti changu, kile chenye mto. Hakuondoka haraka. Alimaliza kwanza kuongea na mteja, kisha akasimama, akapangusa mto, akasema, "Bwana Kisia, kiti yako ni mzuri. Imenitunza." Nyandiga akasema ni karani wa muda. Muda huo ulikwisha alipostaafu, miaka mitatu baada yangu.

Ningependa kuwaambia kwamba hakujua kazi. Ningefurahi sana. Ni kweli alichapa vibaya, alipoteza karatasi za kaboni, alifaili barua za moto kwenye sehemu ya magari, na bado wateja walipanda ngazi wakiuliza, "Akeyo yuko?" Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, tai imenyooka, kalamu mkononi. "Akeyo ametoka," ningesema. "Basi tutangoja." Wangeketi kwenye benchi wakaniangalia ninavyofanya kazi yote bila kuniambia neno.

Niwape mfano. Kampuni moja pale mjini, ambayo sitaitaja, ilikuwa na meneja ambaye kila tukimtafuta alikuwa "ametoka kidogo". Mteja wetu alikuwa anadai duka lililovunjwa. Niliandika barua tatu. Zilikuwa barua kali! Nyandiga mwenyewe aliposoma ya tatu aliniuliza kama niko sawa nyumbani. Hakuna jibu. Akeyo akasema, "Wacha mimi niende nikae." Akabeba uzi wake wa kijani, akaketi kwenye chumba cha kungojea cha kampuni, akaanza kufuma. Kila mtu aliyeingia kulipia bima alisalimiwa vizuri: "Umekuja kulipa? Sawa, mama. Mimi nimekuja kulipwa. Kaa hapa karibu na mimi tuongee." Kabla mkono wa kwanza wa sweta haujakwisha, meneja alikuwa amerudi kutoka huko alikokuwa ametoka kidogo, na hundi ameishika mwenyewe.

Watu walicheka mjini kote. Hakuna aliyeuliza kuhusu barua zangu. Na sweta ile alimpa Nyandiga, akaivaa mpaka siku za jua.

Nami nilikuwa na ushindi wangu, msidhani. Nitausema kwa sababu nikingoja mwingine auseme nitazikwa nao. Mkulima wa miwa wa Muhoroni, trekta lake lilipinduka. Kampuni ikasema dereva alipakia miwa kupita kiasi, kwa hiyo bima haimhusu. Mkaguzi wao aliandika ripoti safi sana. Nyandiga akaniambia, "Kisia, usibishane na karatasi. Nenda uone mahali." Nikaenda kwa gari la kwanza. Trekta lilikuwa bado liko mtaroni, hakuna aliyelisogeza, na pua yake imeelekea mashambani. Nikasimama pale nikaliangalia. Trekta lenye miwa huelekea kiwandani. Linaloelekea shambani limekwisha shusha mzigo, ni tupu. Miwa hiyo iliyozidi ilikuwa imepanda juu yake kutoka wapi? Niliita mpiga picha wa sokoni, nikampigisha picha nne, na kampuni ikalipa bila kufika kortini. Ndiyo maana nawaambia, simu zenu za kupokea picha za watu ni nzuri, lakini nendeni mkasimame mahali penyewe. Mkaguzi yule hakuwahi kufika. Aliandika ripoti yake hotelini.

Hiyo nilishinda mimi, peke yangu, na matope hadi magotini. Je, iko picha yangu ukutani?

Sasa nije kwenye siku ya picha yenu, na kwa hiyo nianze na Risper.

Risper alikuwa fundi wa nguo soko la Kombewa. Yeye na mumewe walijenga duka la vyumba viwili, mbele cherehani, nyuma vitambaa, wakalikatia bima ya moto. Mumewe akafariki. Risper akafunga duka akakaa nyumbani kwa matanga, kisha presha ikamshika akashindwa kusimama. Akiwa bado kitandani, mchana mmoja cheche ziliruka kutoka kwa mchomeleaji jirani, duka likaungua na cherehani zote. Ajenti wa kampuni, aliyekula pilau kwenye mazishi na kumpa mkono wa pole, sasa alileta jibu la wakubwa wake: hakuna fidia. Mkataba ulisema kwamba jengo likikaa zaidi ya mwezi bila mtu kulala ndani, bima inasimama.

Kilichotutisha zaidi kilikuwa kiwanja. Kanso, yaani halmashauri, ilikuwa imempa notisi: asipojenga tena kabla ya mwaka kwisha, kiwanja kinapewa mtu mwingine. Bila duka, mjane yule mwenye watoto wanne alikuwa anarudi kushona viraka kwa mkono chini ya mti wa sokoni, kama alivyoanza akiwa msichana.

Mimi ndiye niliyemhoji. Nilimuuliza yote yaliyotakiwa. Duka lilifungwa lini? Kulikuwa na mlinzi? Hapana. Mfanyakazi aliyelala pale? Hapana. Mtoto? Hapana. Nikachapa, kurasa mbili, hakuna kosa hata moja la herufi, na kila mstari ulikuwa unaimaliza kesi yake.

Akeyo akapita na chai. Akamwekea Risper kikombe, akaketi karibu naye bila kualikwa na mtu.

"Pole sana, nyathina, mtoto wangu. Matanga ilikuwa kubwa?"

"Kubwa."

"Mama yako alikuja?"

"Alikuja baada ya mazishi. Presha ilinishika, akakaa na mimi mpaka nikapata nguvu. Kwao ni mbali, huko Nyakach."

"Alikuwa analala wapi?"

Risper aliniangalia, kisha akaangalia kikombe. "Hiyo si maneno ya kusema mbele ya mwanaume."

Akeyo akageuza macho kwangu. Nikatoka nje ya ofisi yangu mwenyewe, nikasimama kwenye korido na kalamu mkononi. Mlango ulikuwa mwembamba.

"Kwa duka," nikamsikia Risper akisema. "Kwa ile chumba ya nyuma, juu ya vitambaa. Angelala wapi? Kwa dala, boma ya mkwe wake? Asubuhi anakuja kuniosha, jioni anarudi soko. Mimi naona aibu, mama yangu kulala sokoni kama mtu hana watu."

"Na huyo mtu wa kampuni ulimwambia?"

"Hakuniuliza mama. Aliuliza watchman."

Nisikieni vizuri. Mimi ni Mmaragoli. Mama mkwe wangu hakulala kwangu hata siku moja mpaka alipokufa, na nikikutana naye njiani nilikuwa naingia kwenye miwa ya watu. Desturi hiyo Akeyo hakunifundisha. Angeuliza jambo nisilolijua ningemsamehe kabla chai haijapoa. Aliuliza jambo nililolijua tangu nilipooa, na aliliuliza akiwa ameshika kijiko cha sukari. Usiku huo mke wangu aliniuliza kwa nini sili. Nikasema, "Kuna mtu ameuliza swali zuri." Akadhani naumwa.

Kampuni ilipoandikiwa habari ya mama yake Risper, ilicheka. Wakili wao, kijana wa hapa hapa Kisumu mwenye suti ya kung'aa, alijibu kwamba hiyo ni hadithi iliyoungwa baada ya moto. Mama gani huja kumuuguza mwanawe kisha akalale mbali sokoni? Tukaenda kortini.

Nyandiga alinituma Nyakach kumleta bibi, mama yake Risper. Gari lilinishusha Katito, nikatembea, nikamkuta amekwisha kuvaa tangu alfajiri, leso mbili na viatu vya kanisa. Alinitazama juu hadi chini.

"Wewe si Akeyo."

"Hapana, mama. Mimi ni Kisia."

"Akeyo yuko wapi?"

"Yuko kortini anatungoja."

"Sawa," akasema kwa huzuni, akanifuata. Njia nzima aliniuliza Akeyo ameolewa wapi, ana watoto wangapi, anapenda kuku au mbuzi. Mawingu yalikuwa yamekusanyika juu ya ziwa, kwa hiyo nilinunua mwavuli stendi ya Katito, mweusi, mpana, wa mpini wa mbao. Niliununua kwa pesa yangu. Nataka hilo lijulikane.

Kortini, Risper alikuwa bado kizimbani akihojiwa. Hakimu alikuwa mtu wa pwani, mwenye Kiswahili kitamu ambacho nusu yetu tulikisikiliza kama kwaya. Wakili wa kampuni alikuwa amechangamka.

"Mheshimiwa, mimi ni mtoto wa hapa. Hayo mambo ya mama mkwe ni ya zamani sana. Siku hizi hakuna mtu anafuata. Hata mimi mama mkwe akija mjini anakaa kwangu, tunakula meza moja."

Hakimu akaitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Risper akaanza kulia bila sauti. Nyandiga akainuka, akaomba shahidi wake wa pili aitwe, nami nikamwingiza bibi mlangoni.

Alipiga hatua mbili. Akamwona wakili wa kampuni. Akavuta leso usoni, akageuka mzima mzima, akaanza kutoka. Nilimzuia kwa upole, akanipiga kiwiko. Nikaangalia mbele. Wakili yule, na suti yake, alikuwa amekwisha geukia ukuta. Alisimama pale kama mtoto aliyeadhibiwa na mwalimu.

"Kulikoni?" akauliza hakimu. "Mbona shahidi anakimbia?"

Bibi akajibu kutoka nje ya mlango kwa Kijaluo, na mkalimani wa korti, mtu wa sura kavu siku zote, akajikuta anatabasamu. "Mheshimiwa, anasema hawezi kuingia. Anasema huyo ni mkwe wake. Amemuoa mtoto wa dada yake, na yeye mwenyewe alikula ng'ombe ya hiyo mahari."

Korti nzima ikaangua kicheko. Hakimu akangoja kitulie.

"Wakili, ni kweli asemayo bibi huyu?"

"Ni kweli, Mheshimiwa," ukuta ukajibiwa.

"Hebu nitazame unapozungumza nami."

"Mheshimiwa, naomba radhi. Siwezi, akiwa hapo mlangoni."

"Nawe ndiye uliyeniambia hivi punde kwamba mnakula meza moja?"

Wakili akausogelea ukuta zaidi. Lakini ushahidi ulikuwa bado haujatolewa, na bila neno la bibi mwenyewe kampuni ingepata mahali pa kupenyea. Yeye haingii, na wakili hawezi kutoka akaiacha kesi ya mteja wake. Hakimu akatazama saa. Nyandiga akatazama karatasi zake. Akeyo, aliyekuwa benchi ya nyuma, alimtazama Nyandiga. Akeyo wenu! Hakuwa na la kusema, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hivyo. Nilikunywa furaha yangu kimya kimya.

Kisha nikafungua mwavuli, ndani ya korti, mbele ya hakimu. Nikauweka kati ya bibi na wakili, nikamwambia kwa Kijaluo changu cha kuokoteza, "Bi, mama. Njoo." Askari akaniinukia. Hakimu akamwashiria akae.

Tukatembea hivyo mpaka kizimbani, bibi nyuma ya mwavuli, mimi nimeushikilia kwa mkono ulionyooka. Akala kiapo akiwa humo humo. Akaeleza chumba cha nyuma: vitambaa vya sare za shule upande wa ukuta, pipa la mafuta ya taa mlangoni, bati linalovuja juu ya kichwa mpaka akalitegea sufuria, panya mmoja aliyempa jina. Alisema, "Soko ni ya watu wote. Dala ni ya mkwe. Mimi nililala soko." Wakili wa kampuni aliuliza maswali matatu akiuangalia ukuta, na bibi akaujibu mwavuli. Mkono wangu ulikufa ganzi nikaubadilisha kwa mwingine, nikaurudisha tena.

Wakili akaomba mapumziko. Kwenye korido alimshika Nyandiga bega, na kabla hatujarudi ndani walikuwa wamekubaliana: kampuni inalipa yote, na cherehani, na gharama. Risper alikaa chini sakafuni, akauliza mara mbili kama kiwanja ni chake. Nyandiga akamwambia ni chake. Akainuka akamkumbatia nani? Akamkumbatia Akeyo.

Duka lilifunguliwa kabla ya mwaka kwisha. Akeyo alishonewa gauni la maua. Mimi bibi alinikuta mlangoni siku hiyo ya sherehe, akanishika mkono kwa mikono miwili, nikasema moyoni, hatimaye. Mtu akamtafsiria. "Anasema uambie serikali asante kwa mwavuli." Alidhani mimi ni mfanyakazi wa korti.

Siku hizi Akeyo anafuga kuku nyumbani kwake. Najua mnamtembelea, mnapeleka sukari, anawasimulia kesi ya Risper mpaka mnarudi mkicheka. Kwangu haji mtu. Najua pia kwamba akiifikia sehemu ya mwavuli husema "mtu mmoja akafungua mwavuli," kisha husonga mbele. Nimeambiwa hivyo na watu wawili. Hata yeye! Amekunywa chai na mimi miaka yote hiyo, na kwake mimi ni "mtu mmoja" tu.

Haya, sasa iangalieni picha. Ilipigwa kwenye ngazi za korti mchana ule ule, na mpiga picha wa nje aliyengoja wateja pale. Akeyo yuko katikati anacheka, kichwa nyuma. Mnaona upande wa kulia, kule chini, mtu wa suti anayeteremka haraka? Ndiye wakili wa kampuni. Alikuwa anapita wakati ule ule, ngazi zilikuwa hizo tu. Upande wa kushoto ni mkono wangu, shati jeupe, umenyooka. Kile cheusi ni mwavuli wa Katito, na nyuma yake, ambako hamwezi kumwona, amesimama bibi na viatu vyake vya kanisa.

Nunueni fremu kubwa. Sisemi hivyo kwa ajili yangu tu, ingawa ni kwa ajili yangu pia. Mkiukata huo mkono, mtakuwa mmemwacha mama yake Risper wazi mbele ya mkwe wake.